Nyama Isiyouma

Walimwita Breki, na jina hilo hakuonewa. Miaka mingi alifundisha watu kuendesha gari, na sauti yake ilijulikana mtaani kuliko honi ya gari lenyewe. Gari dogo jeupe la shule ya udereva lilipita taratibu, likisita kwenye kila kona, na dirishani ilisikika sauti ya mtu mzima: "Breki, mama! Breki kwanza, maelezo baadaye!" Watoto walimuiga. Waliokuwa wanafunzi wake, hata wale ambao sasa waliendesha malori, walimwita hivyo hivyo mbele ya mkewe, naye alicheka mpaka tumbo likatikisika.

Gari lile lilikuwa na pedeli mbili za breki: moja ya mwanafunzi, nyingine chini ya miguu ya mwalimu, ili mwanafunzi akipagawa mwalimu azuie balaa. Mguu wa kulia wa Breki ulikaa juu ya pedeli hiyo kutwa nzima. Alijivunia kwamba tangu aanze kazi hajawahi kugonga hata kuku. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi nyeusi, vya kufunga kamba, vilivyobana kidogo vidoleni, na alivipiga rangi kila asubuhi kabla hajanywa chai. "Mwalimu akija na ndala," alisema, "mwanafunzi naye atakuja na akili ya ndala."

Kisukari alikuwa nacho. Aliambiwa zamani, akapewa vidonge, akawa anavimeza akikumbuka. Akiulizwa habari za ugonjwa wake alijibu kwamba yeye na sukari yake wameshaelewana, kila mmoja anakaa upande wake. Lakini sukari haikukaa upande wake. Kwanza nyayo zilimwasha, akajiona kama anatembelewa na siafu. Baadaye siafu wakaondoka, naye akafurahi, akamwambia mkewe amepona. Hakujua kwamba walikuwa wameondoka na hisia zote za mguu.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache, mwenye macho ya kuona mshono uliokwenda upande hata akiwa mlangoni. Ndiye aliyeiona skrubu. Jioni moja Breki alirudi kazini, akavua viatu sebuleni, na soksi ya kulia ilikuwa imelowa damu iliyoanza kukauka. Mkewe alipoivuta, ikagoma. Skrubu ndogo, pengine iliyodondoka kutoka kwenye kiti cha gari, ilikuwa imetoboa soksi na kuzama kwenye unyayo, chini kidogo ya kidole gumba.

"Umetembea na hii kutwa nzima?"

"Sasa ningejua ningetembea nayo?"

"Hukusikia chochote?"

"Hata sasa sisikii. Hebu vuta."

Akavuta. Breki alitazama skrubu ikitoka kama mtu anayetazama mguu wa jirani. Wakaangaliana, wakacheka, na mkewe akasema kumbe ameolewa na mtu wa mbao, anapigiliwa wala habari hana. Kicheko kile kilikuja kumsumbua sana baadaye. Alikikumbuka akiwa kwenye cherehani, mguu ukasita kusukuma.

Walikisafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Breki akanunua vidonge vya rangi mbili, vile ambavyo watu huuziwa bila kuulizwa swali, akawa anavifungua na kumimina unga wake kwenye tundu la skrubu. Kidonda kikakauka juu. Kikafanya ganda jeusi, gumu. Breki akaligonga kwa ukucha, akasema, "Unaona? Kimefunga." Akapiga viatu rangi, akaenda kazini.

Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye Breki alimsikiliza bila ubishi, naye ni kaka yake. Huyu alikuwa mwashi, mtu mrefu mwenye viganja vilivyochanwa na saruji, na ndiye aliyemlea Breki baba yao alipofariki. Alimsomesha, alimfundisha kunyoa ndevu, alikwenda kumposea mke. Siku alipokuja kumjulia hali na kuiona bandeji, hakuuliza imetokeaje.

"Hospitali hujaenda?"

"Bado, kaka. Kinakauka chenyewe."

"Basi usiende. Ukiwapelekea kidole watachukua mguu, na ukiwapa mguu watakurudisha kwenye sanduku. Mama alikuwa anaongea. Wakamkata, akanyamaza."

Habari ya mama yao ilijulikana na ukoo mzima, na ilisimuliwa kwa maneno hayo hayo. Mama naye alikuwa na kisukari, naye alipata kidonda mguuni. Wakati huo Breki alikuwa mbali, akiendesha lori la mizigo, na taarifa ilipomfikia na yeye akafika nyumbani, alikuta kaburi limeshafukiwa. Hakumwona mama mgonjwa wala hakumwona maiti. Alichobaki nacho ni maneno ya kaka yake. Kaka mtu alikula kiapo mbele ya watu kwamba kisu cha hospitali hakitagusa tena mtu wa nyumba yao, na Breki, aliyekuwa na deni la malezi ambalo hakujua angelipaje, aliona kutii ndiyo njia pekee aliyonayo.

Harufu ilianza kwa mbali. Mkewe aliisikia kwanza kwenye soksi, kisha kwenye shuka, kisha sebule nzima. Alifua, akapiga deki, akafungua madirisha. Kusema hakusema. Mumewe alikuwa mtu msafi kupindukia, na kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ananuka aliona ni kama kumvua nguo hadharani. Breki naye akaanza kujipulizia manukato mguuni asubuhi, akidhani mkewe haoni. Wakaishi hivyo, kila mmoja anajua na kila mmoja amejitia hamnazo, mezani wakizungumzia mvua.

Aliyelisema waziwazi ni bibi mmoja mstaafu. Bibi huyu alikuwa karani wa ofisini maisha yake yote, na alipostaafu akaamua kujifunza udereva kwa sababu, kwa maneno yake, wanawe walikuwa wakimpeleka sokoni kama wanampeleka mahabusu. Hakuwa mwanafunzi mwepesi. Alishika usukani kama amemkaba mwizi, na kila akibadilisha gia aliomba radhi kwa sauti, haijulikani kama anaiomba gia au Mungu.

"Mwalimu," alisema siku hiyo, wakiwa wamesimama kwenye taa nyekundu, "ndani ya gari hili kuna kitu kimekufa."

"Labda panya, bibi. Nitaangalia."

"Mimi nimeuguza mama na nimezika mume. Panya namjua." Akashusha kioo cha dirisha. "Inatoka upande wako."

Taa ikageuka, bibi akaondoa gari, akaomba radhi, akaingiza gia ya pili. Mbele kidogo mtu mwenye mkokoteni akachomoza kati ya magari yaliyoegeshwa. "Breki!" alipiga kelele Breki, na wakati huo huo akakanyaga. Walau alidhani amekanyaga. Gari likaendelea kwenda. Alitazama chini akaona kiatu chake kimekandamiza zulia pembeni ya pedeli, kwa nguvu zake zote, na mguu haukumwambia kitu. Bibi ndiye aliyesimamisha gari, kwa mguu wake mwenyewe, likazima kwa kishindo. Mwenye mkokoteni akawatukana wote wawili bila upendeleo, akaenda zake.

Bibi alikuwa anahema. "Nimefanya vizuri?"

"Umefanya vizuri, bibi," alisema Breki, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Alimwomba asogeze gari pembeni. Akatoka, akaketi kwenye ukingo wa barabara, akafungua kamba za kiatu. Kilipovuliwa, bibi aliziba pua kwa mtandio wake, lakini hakuondoka. Alimpigia simu mke wa mwalimu, akakaa pale pale ukingoni, bega kwa bega na Breki, mpaka mama huyo alipofika na teksi.

*

Chumba cha vidonda kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu wa hospitali, kuta zake kijani mpaka usawa wa bega na nyeupe kuanzia hapo. Ndani kulikuwa na kitanda chenye godoro la plastiki, taa yenye shingo ya kupindika, trei ya vyuma vilivyofunikwa kitambaa, na ndoo ya kukanyagwa ambayo mfuniko wake ulilia kila ulipofunguka. Muuguzi alimpima Breki sukari, akatazama kipimo, akakitikisa kama kimeharibika, akapima upya. Kisha akaenda kumwita daktari.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamama mfupi aliyevaa raba, mwenye kuongea taratibu kama kuna mtoto amelala chumba cha pili. Kabla ya kugusa kidonda aliweka vidole juu ya mguu, karibu na kifundo, akainamisha kichwa, akawa anatafuta mapigo ya mshipa. Alikaa hivyo muda.

"Damu inafika," alisema hatimaye. "Hiyo ndiyo habari njema. Ishikeni, maana zilizobaki si nzuri."

Akachukua koleo ndogo, akaligusa ganda jeusi. "Unasikia hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, daktari."

Akabonyeza ukingo wa ganda, na usaha wa kijivu ukatoka chini yake, ukaendelea kutoka. Mke wa Breki akatafuta ukuta kwa mkono, akaegemea.

"Baba, hili ganda siyo kupona," alisema daktari. "Hii ni nyama iliyokufa. Imekaa juu kama mfuniko wa sufuria, na chini yake uchafu unachemka. Nikikuchoma sindano, dawa inasafiri na damu, na nyama iliyokufa haina damu, kwa hiyo dawa inaishia njiani. Lazima niitoe. Nakata kilichokufa mpaka nifike kwenye nyama inayotoa damu. Nikiona damu, nasimama."

"Na mguu?"

"Kidole gumba siwezi kukuahidi, uchafu umeshafika kwenye mfupa wake. Mguu nitaupigania. Lakini tukichelewa tutakuja kuongea habari za goti, na baada ya goti habari za roho."

Breki akasema anaomba kwanza ampigie kaka yake.

Mwashi alifika na nguo za kazi, saruji imemkaukia kwenye suruali. Hakusalimia mtu.

"Vaa kiatu twende."

"Shemeji," alianza mke wa Breki.

"Wewe subiri kwanza. Hili ni la watoto wa mama mmoja."

Katika miaka yote ya ndoa yake mama huyu hakuwahi kumjibu shemeji yake. Alimtengea kiti kizuri, alimpakulia wa kwanza, akiongea naye alishusha macho, kwa kuwa alijua mumewe humwona baba ndani ya kaka huyo. Sasa alisimama kati ya kitanda na mlango. Utepe wa kupimia nguo ulikuwa bado unaning'inia shingoni, alivyokurupuka nao kutoka kazini.

"Sisubiri," alisema. "Nimesubiri mpaka nimechoka. Nimefua soksi zake nimenyamaza, nimelala na harufu hii nimenyamaza. Wewe ukimtoa hapa unarudi kwako, mimi ndiye nitakayebaki naye ndani anaoza. Nakuheshimu, shemeji, na kesho nitakuheshimu. Ila huyu mtu hatoki."

"Kwa hiyo unataka akatwe?"

"Nataka aishi."

"Hata mimi nilitaka mama aishi!" Sauti ya mwashi ilipanda mpaka waliokaa kwenye benchi za nje wakanyoosha shingo. "Unadhani mimi nilitaka nini? Mama alikuwa anaongea. Nimemleta kwa mikono hii hii, anaongea, wakamkata…"

Daktari hakumkata kauli. Alisubiri mpaka alipokwama mwenyewe, ndipo akauliza, "Mguu wake ulikuwaje mlipomleta?"

"Ulikuwa na kidonda."

"Kama hiki?"

Mwashi alikuwa hajautazama mguu wa mdogo wake hata mara moja tangu aingie. Daktari akachomoa barakoa kwenye boksi, akamnyooshea.

"Njoo uone. Sikulazimishi. Lakini kama utamtoa ndugu yako hapa, mtoe ukijua unachoondoka nacho."

Akavaa, akainama. Daktari akavuta taa karibu. Alinyanyua ukingo wa ganda kwa koleo, akaingiza mkasi chini yake, akakata kipande kidogo, hivi hivi, bila ganzi yoyote. Breki hakupepesa hata ukope. Kipande kile kilikuwa kigumu kwa juu, na kwa chini kimelainika kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji. Tone la damu halikutoka.

"Hii imekufa," daktari alisema. "Mdogo wako hana habari nayo, nayo haina habari naye. Hii nyekundu hapa pembeni bado ni yake." Aliigusa kidogo tu, na Breki akaguna, mguu ukaruka. "Unaona? Kazi yangu ni kuzitenganisha kabla hii haijaimaliza hii."

Mwashi alibaki ameinama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Watu walio chumbani walidhani anakichunguza kidonda.

"Wa mama ulikuwa mweusi mpaka hapa," alisema, na akaushika muundi wake mwenyewe. "Vidole vilikuwa vimesinyaa. Nilikuwa nafunika na kanga ili wanaokuja kumwona wasiuone."

Ndipo Breki, kutoka kitandani, akauliza jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kumuuliza kaka yake.

"Kaka, mama alikuwa anaongea?"

"Nyumbani aliongea. Alisema nisimpeleke. Aliniomba, akanishika mkono huu. Nikamwekea majani, nikamwekea unga, nikawa nambadilishia vitambaa. Niliona nimemtii mama yangu." Aliongea na ule mguu, hakumtazama mtu. "Mwishoni akawa ananiita kwa jina la baba. Siku namleta hakuwa ananiita kwa jina lolote."

Akavua barakoa. Muuguzi alisogeza stuli kwa mguu, na mwashi akaikalia bila kuangalia nyuma.

"Kwa hiyo siyo kisu," alisema.

Daktari angeweza kumtuliza kwa neno la uongo, na huenda wengine wangefanya hivyo. Alisema tu, "Alifika amechelewa sana. Kisu nacho hakikuweza kumrudisha."

Mwashi aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akasimama, akamwambia mke wa mdogo wake, "Nisamehe, shemeji," akamwambia daktari, "Fanyeni kazi yenu," na akatoka. Hakumgusa Breki wala kumtazama usoni. Alikwenda kukaa kwenye benchi ya nje, viganja vimeelekea juu mapajani, na mama mmoja aliyekuwa jirani yake alimwuliza kama ana mgonjwa ndani. Alijibu kwamba alikuwa naye.

*

Breki hakupewa dawa ya usingizi. Walimchoma sindano ya mgongo, akawa mzima kuanzia kiunoni kwenda juu na kama gogo kwenda chini. Mbele ya macho yake walitundika kitambaa cha kijani. Aliona taa, aliona kofia za watu, alisikia vyuma vikigongana kwenye trei. Alisikia mkasi. Sauti ya mkasi aliifahamu kutoka kwa mkewe anapokata kitambaa kizito, na alijitahidi afikirie kitambaa. Baadaye alisikia kitu kikidondoka kwenye bakuli la chuma, akajua hicho ni kidole.

"Bado kijivu," alisema daktari nyuma ya pazia. "Bado. Hapa pia bado." Kila aliposema "bado" Breki alihesabu mguu wake ukifupika, akauona mfupa, akauona utupu. Akataka kupiga ile kelele yake iliyompa jina, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kuitii.

Halafu muuguzi akasema, "Inatoka, daktari."

"Naiona. Nyekundu safi. Inatosha."

Breki alilia. Hakulia kwa furaha, wala hakujua analia kwa nini. Alikuwa ameshukuru damu yake mwenyewe kumwagika, na jambo hilo lilimtisha kuliko mkasi.

Hawakukishona kidonda. Walikiacha wazi, shimo la kuingia yai, wakakijaza shashi iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi. Siku chache baadaye wakamrudisha, wakakata tena, kwa sababu kingo nyingine zilikuwa zimekufa baada ya pale. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda. Sukari ilikuwa mkaidi. Kulikuwa na asubuhi ambazo daktari alikifungua kidonda, akanyamaza muda mrefu, na mke wa Breki alijifunza kuuogopa ukimya huo. Alijifunza pia rangi. Yeye, mtu wa nyuzi, alielewa upesi kuliko alivyotarajiwa: nyeusi ni maiti, njano inayonata ni maiti iliyolainika, nyekundu yenye chembechembe ni uhai. Kila bandeji ilipofunguliwa alisogea kuangalia, na akitoka nje aliwaambia ndugu, "Nyeusi imekwisha," au, "Njano imerudi pembeni," nao hawakumwelewa, wakaitikia hivyo hivyo.

Kubadilishiwa bandeji kulimuuma Breki kuliko alivyodhani mguu wake bado unaweza kuuma. Chini kabisa hapakuwa na hisia, lakini kingoni, pale ambapo nyama hai ilianzia, shashi ilipovutwa aliuma shuka. "Maumivu ni ishara nzuri," muuguzi alimwambia. "Basi nina ishara nzuri sana, sista," alijibu, na wodi nzima ikacheka, yeye akiwa na machozi masikioni.

Mwashi hakuingia wodini. Ndugu walisema amekasirika kwa sababu mwanamke alimpandia juu. Mke wa Breki alijua kwamba sivyo. Alimwona mara kadhaa kwenye geti la hospitali, amesimama karibu na walinzi. Mwashi alimpa matunda ampelekee mgonjwa, akamwuliza swali moja tu, "Nyekundu?" Akiambiwa ndiyo, alishukuru akaondoka. Akiambiwa bado, alishukuru vile vile akaondoka.

*

Breki alirudi nyumbani na mguu wake, bila kidole gumba na bila kile kilichokifuata. Alipewa kiatu cha wazi chenye soli nene kama tofali, na akakatazwa kuukanyagia mguu. Vile viatu vya ngozi mkewe alivitoa mlangoni siku hiyo hiyo, na Breki hakuuliza vimekwenda wapi.

Mwenye shule ya udereva alikuwa mtu mwema. Alimwambia gari linamsubiri, akipona arudi kwenye kiti chake. Breki alikataa. "Mguu wangu haunipi taarifa," alisema. "Nikanyage nisikanyage, mimi sijui. Utampaje mtu kama huyo roho za watu?" Alilisema kama mzaha. Akapewa darasa la alama za barabarani. Anakaa kwenye kiti mbele ya ubao, mguu juu ya stuli, fimbo mkononi, akieleza pembetatu na duara. Anafundisha vizuri. Ila gari jeupe likipita nje ya dirisha na mwalimu mwingine ndani, huacha sentensi njiani, na wanafunzi wamezoea kumsubiri airudie. Yule bibi mstaafu alifeli mtihani wa kurudi nyuma, akaja darasani kumlaumu yeye, akasema huyo mwalimu mpya hana kelele za kutosha.

Kidonda bado. Kimebaki kama punje ya haragwe, kila wiki anakwenda kwenye chumba kile cha kijani, na mara nyingine daktari huchukua mkasi, akapunguza ngozi ngumu inayojijenga kingoni, akamkanya kuhusu sukari. Sasa vidonge havisahau. Kila asubuhi mkewe hukaa chini na kuipekua miguu yote miwili, kidole kwa kidole, akitumia kioo cha kujitazamia kuona chini ya unyayo. Hawacheki wakati huo.

Kaka mtu alikuja mchana mmoja, bila taarifa. Alikuwa amekonda. Alikaa mbali kidogo na ule mguu, akanywa maji, akauliza habari za kazi, akasifu kiatu cha tofali kwa kuwa yeye ni fundi wa tofali. Breki alicheka. Kisha mwashi akaweka glasi chini.

"Nikuulize kitu. Wewe umepita humo. Kwa muda wote niliomweka mama ndani… aliumia?"

Breki aliutazama mguu wake. Alikumbuka skrubu. Alikumbuka ganda alilokuwa akiligonga kwa ukucha. Alikumbuka pia shashi, na kingo, na homa zile za wodini alipokuwa akimwita mama ambaye hayupo.

"Hakuumia, kaka," alisema. "Nyama ile ikishakufa huisikii kabisa. Mimi nilitembea na skrubu kutwa nzima. Mama alikuwa hasikii kitu."

Mwashi alifunika uso kwa viganja vyake vilivyochanika, akakaa hivyo. Alipoondoka alimshika mdogo wake bega, kwa nguvu.

Mke wa Breki alikuwa amesimama mlangoni na shashi mpya mkononi. Alisubiri mpaka hatua za shemeji zikaisha nje, akaja, akakaa chini, akaanza kufungua bandeji ya jana.

"Ni kweli ulivyomwambia?"

"Pale palipokufa, ni kweli."

"Na pembeni yake?"

Mkewe akalowesha shashi kwa maji ya chumvi, akaivuta taratibu kadiri alivyoweza, na mumewe akakunja ngumi.